Kitenzi "shall" na Kiambishi "-ta-": Deni, Utashi na Amri katika Tafsiri ya Sheria

IKISIRI

Makala haya yanachunguza maana na matumizi ya kitenzi kisaidizi cha Kiingereza "shall" katika maandishi ya sheria, na namna kinavyotafsiriwa kwa Kiswahili. Yanadai kwamba mazoea ya kuipa kila "shall" kiambishi "-ta-" huhamishia katika Kiswahili utata ambao wenye Kiingereza wenyewe wamehangaika kuuondoa, ilhali Kiswahili kina maumbo ya kutosha ya kutenganisha wajibu, katazo, tangazo na sharti la usahihi. Mfano mkuu unaojadiliwa ni kanuni ya theluthi mbili ya jinsia katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010.

1.0 Utangulizi

Aghalabu neno linalomtatiza mfasiri si lile asilolijua, bali lile analodhani kwamba analijua. Mfasiri anayekutana na istilahi ngeni ya mirathi au ya rehani hufungua kamusi, hulinganisha, huuliza. Akikutana na "shall" hafungui chochote. Tangu shule ya msingi amefundishwa kwamba "I shall go" ni "nitakwenda", na kwa hiyo mkono wake huandika "-ta-" kabla ya akili yake kuuliza swali lolote.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa sasa. Nchini Tanzania, marekebisho ya sheria yaliyopitishwa mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani, na kazi ya kuzihamisha sheria zilizotungwa kwa Kiingereza ikawa jukumu la kitaifa. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katika nchi zote mbili "shall" ni miongoni mwa vitenzi vinavyojitokeza mara nyingi mno katika matini chasili za sheria. Kosa dogo katika kitenzi hicho hurudiwa maelfu ya mara, na linaweza kubadili haki ya mtu.

Makala haya hayadai kwamba "-ta-" ni tafsiri mbaya ya "shall". Yanadai kwamba ni tafsiri sahihi ya baadhi tu ya "shall", na kwamba mfasiri hana budi kujua ni ya zipi.

2.0 Asili na Mwenendo wa "shall"

Katika Kiingereza cha Kale umbo "sceal" lilikuwa kitenzi kamili chenye maana ya kuwiwa au kudaiwa. Mtu aliweza kuwiwa fedha kama alivyoweza kuwiwa tendo. Nasaba hiyo bado inaonekana katika Kijerumani, ambamo kitenzi "sollen" hueleza jambo linalompasa mtu, na nomino "Schuld" hubeba maana mbili, yaani deni na hatia. Kutokana na wazo la deni likatoka wazo la wajibu. Na kwa kuwa linalodaiwa leo hulipwa kesho, kutokana na wajibu likatoka wazo la wakati ujao.

Mwenzake "will" alipita njia nyingine. Asili yake ni kitenzi chenye maana ya kutaka. Hivyo Kiingereza kilijikuta na vitenzi viwili vya wakati ujao, kimoja kikiwa kimetokana na deni na kingine kikiwa kimetokana na utashi. Mwaka 1653 John Wallis, katika sarufi ya Kiingereza aliyoiandika kwa Kilatini, alijaribu kuvigawia kazi: "shall" katika nafsi ya kwanza hutabiri tu, lakini katika nafsi ya pili na ya tatu huahidi au huonya, "will" hufanya kinyume chake. Kanuni hiyo ilifundishwa kwa vizazi vingi, na ilifika hadi madarasa ya Afrika Mashariki, ingawa wasemaji wengi wa Kiingereza hawakuifuata kikamilifu.

Katika mazungumzo ya kila siku "shall" imefifia sana tangu karne ya 20, na imebaki hasa katika maswali ya kutoa ushauri au kujitolea kufanya jambo. Mahali ilipobaki na nguvu zake ni katika sheria na mikataba. Kwa hiyo msomaji wa kawaida wa Kiingereza hukutana nayo katika matini ambazo humo kukosea maana kuna gharama kubwa.

3.0 Dhima za "shall" katika Maandishi ya Sheria

Ili kuonyesha wingi wa dhima hizo, makala yanatumia sentensi sita zilizotungwa kwa kufuata mtindo wa sheria:

(1) The Registrar shall keep a register.
(2) There shall be a Board.
(3) An application shall be in writing.
(4) No person shall sell unripe sisal.
(5) The owner shall be entitled to compensation.
(6) If any person shall fail to appear, the court may proceed.

Katika sentensi (1) kuna mtu mwenye uwezo wa kutenda, naye anabebeshwa wajibu. Hii ndiyo "shall" iliyo karibu zaidi na asili yake: Msajili anawiwa tendo. Katika sentensi (2) hakuna anayewiwa chochote. Bodi haiamriwi iwepo. Sheria yenyewe, kwa kutamka, ndiyo inayoiunda. Katika sentensi (3) kiima ni ombi, na ombi haliwezi kuwa na wajibu. Kinachoelezwa ni sifa ambayo bila hiyo ombi halikubaliki.

Sentensi (4) ina mtego wa kimantiki. Ikiwa "shall" ina maana ya "ana wajibu wa", basi sentensi hiyo ingepaswa kumaanisha kwamba hakuna mtu mwenye wajibu wa kuuza mkonge usiokomaa. Kila msomaji anajua kwamba sivyo, na kwamba maana ni kukataza. Lakini anajua kwa mazoea, si kwa umbo la sentensi. Sentensi (5) inatoa haki, na haki hiyo ipo mara sheria inapoanza kutumika. Sentensi (6) haiamuru wala haitoi haki; inataja tukio linaloweza kutokea.

Watunga sheria wa nchi mbalimbali wameuona utata huu. Afrika Kusini ilitumia "shall" katika Katiba yake ya mpito ya mwaka 1993, lakini Katiba ya mwaka 1996 ilichagua "must" kwa ajili ya kueleza wajibu. Nchini Marekani, kanuni za mwenendo wa mashauri ya madai katika mahakama za shirikisho ziliandikwa upya mwaka 2007, na "shall" ikaondolewa. Katika Kanuni ya 56, inayohusu hukumu inayotolewa bila kesi kusikilizwa kikamilifu pale pasipo na ubishi wa kweli kuhusu mambo ya msingi, mahali pake paliwekwa "should". Mwaka 2010 "shall" ikarudishwa katika kanuni hiyo, kwa kuwa ilihofiwa kwamba neno jipya lingebadilisha kiwango ambacho mahakama zilikuwa zimekijenga kwa miaka mingi. Tukio hilo lina funzo kwa mfasiri: iwapo wenye lugha yao hawakuweza kubadili kitenzi kimoja bila kuhofu kwamba wamebadili sheria, anayekivusha hadi katika lugha nyingine hawezi kukiona kuwa ni jambo jepesi.

Tanzania ilichukua njia ya kufasili. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, iliyotungwa mwaka 1996, kinaeleza kwamba pale "may" inapotumika kutoa mamlaka, mwenye mamlaka anaweza kuyatumia au kutoyatumia kwa hiari yake. Na pale "shall" inapotumika kutoa kazi, kazi hiyo ni lazima itekelezwe. Hata hivyo, mahakama, nchini humo na kwingineko, zimeamua zaidi ya mara moja kwamba si kila "shall" iliyokiukwa hubatilisha shauri zima. Zaidi ya hayo, kifungu hicho, kama kilivyotungwa, kinafasili maneno ya Kiingereza. Sheria ikishasomwa kwa Kiswahili, swali linabaki: ni umbo gani la Kiswahili linalobeba uzito huo?

4.0 Kiambishi "-ta-"

Wanaisimu wengi wanakubaliana kwamba kiambishi cha njeo "-ta-" kimetokana na kitenzi "taka". Ushahidi ulio wazi unapatikana katika vitenzi vyenye urejeshi, kama "atakayekuja" na "watakaosoma", ambamo umbo refu "-taka-" limehifadhiwa. Kwa asili yake, basi, "-ta-" si ndugu wa "shall". Ni ndugu wa "will". Kuandika "-ta-" mahali pa "shall" ni kuweka kitenzi cha utashi mahali pa kitenzi cha deni.

Hoja hii isichukuliwe kupita kiasi. Asili ya neno si maana yake ya leo. Asemaye "mvua itanyesha" hadai kwamba mvua ina utashi. Tena, "-ta-" inaweza kuamuru. Mama amwambiapo mwanawe, "Utakwenda dukani, utanunua sukari, na chenji utairudisha," hatabiri, anaagiza. Lakini inafaa kuuliza nguvu ya agizo hilo imetoka wapi. Haikutoka katika kiambishi. Imetoka katika cheo cha msemaji, toni yake, na uhusiano wake na msikilizaji. Mtoto akimwambia mama yake maneno hayohayo, yatachukuliwa kuwa ni utovu wa adabu au ni utabiri, lakini hayatakuwa amri.

Watetezi wa "-ta-" katika sheria wana hoja ya msingi hapa. Bunge lina cheo cha juu kuliko cha mama, na msomaji wa sheria anajua ni nani anayesema. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 iliandikwa kwa Kiswahili, na "-ta-" ni umbo lililozoeleka humo. Mazoea hayo yana thamani na hayapaswi kutupwa. Hata hivyo, cheo cha msemaji hutatua swali moja tu, yaani kama kuna amri. Hakitatui maswali mengine mawili ambayo ndiyo hupelekwa mahakamani: amri inaanza lini, na ikivunjwa ni nini kinachofuata.

5.0 Kanuni ya Theluthi Mbili nchini Kenya

Uzito wa swali la "lini" ulidhihirika nchini Kenya. Ibara ya 81(b) ya Katiba ya mwaka 2010 inaweka kanuni kwamba katika vyombo vya umma vya kuchaguliwa, wajumbe wa jinsia moja wasiwe zaidi ya theluthi mbili. Kitenzi kilichotumika katika matini ya Kiingereza ni "shall be". Kabla ya uchaguzi mkuu wa Machi 2013, Mwanasheria Mkuu aliiomba Mahakama ya Juu maoni ya ushauri: je, kanuni hiyo ilipaswa kutimizwa katika uchaguzi huo, au ingetimizwa hatua kwa hatua?

Maoni yalitolewa tarehe 11 Desemba 2012. Majaji walio wengi waliona kwamba "shall" hugeuka kuwa amri ya papo hapo pale tu ambapo jambo linaloamriwa linaweza kutekelezwa kama lilivyo, bila maandalizi zaidi. Kanuni ya jinsia, kwa maoni yao, ilihitaji kwanza sheria ya utekelezaji, na Bunge lilipewa hadi tarehe 27 Agosti 2015 kuitunga. Jaji Mkuu Willy Mutunga alitofautiana nao. Aliona kwamba kanuni ilipaswa kutimizwa katika uchaguzi uliokuwa mbele yao.

Sheria hiyo haikupatikana kwa muda uliowekwa, wala baada ya muda kuongezwa kwa mwaka mmoja. Ibara ya 261(7) inaeleza kwamba Bunge likishindwa kutii amri ya mahakama ya kutunga sheria inayotakiwa, Jaji Mkuu atamshauri Rais alivunje Bunge, na Rais atalivunja. Katika Kiingereza sentensi hiyo ina "shall" mbili, moja ikimhusu Jaji Mkuu na nyingine ikimhusu Rais. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alitekeleza ya kwanza. Ya pili haikutekelezwa: siku chache baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha utekelezaji wa ushauri huo, na Bunge likaendelea hadi uchaguzi wa Agosti 2022.

Suala hili lina sababu nyingi za kisiasa ambazo isimu haiwezi kuzieleza. Lakini lina upande wa lugha unaomhusu mfasiri moja kwa moja. Kanuni hiyohiyo inaweza kutafsiriwa kwa njia tatu:

(7) Wajumbe wa jinsia moja hawatazidi theluthi mbili.
(8) Wajumbe wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili.
(9) Chombo ambacho wajumbe wake wa jinsia moja wamezidi theluthi mbili hakijaundwa kihalali.

Tafsiri ya (7) inaacha nafasi kwa majaji walio wengi: hawatazidi, lakini haijasemwa ni kuanzia lini. Tafsiri ya (8), iliyo katika dhamira tegemezi, haina alama ya wakati ujao. Inakataza tangu inapotamkwa, na inaegemea upande wa Jaji Mkuu Mutunga. Tafsiri ya (9) inakwenda mbali kuliko wote, kwa kuwa inataja matokeo ambayo ibara yenyewe haikuyataja. Mfasiri anayechagua mojawapo bila kufikiri amekwisha kutoa hukumu kabla ya mahakama kuketi.

6.0 Nyenzo za Kiswahili

Kiswahili hakina upungufu wa maumbo ya kueleza jambo linalompasa mtu. Kina wingi unaohitaji kupangwa.

"Lazima" ndilo neno linalokimbiliwa kwanza. Udhaifu wake ni kwamba lina maana mbili: humwekea mtu wajibu, kama katika "lazima afike", na hueleza hitimisho la msemaji, kama katika "lazima amefika, kwani taa inawaka". Kwa hiyo "lazima" ina utata uleule wa "must". Ikifuatwa na dhamira tegemezi, utata huo huondoka.

"Hana budi" hueleza kukosa njia nyingine. Anayesema "sina budi kuuza shamba" halalamikii sheria bali hali iliyomfika. Vivyo hivyo "inabidi". Maumbo haya yanafaa hoja na simulizi kuliko vifungu. "Anapaswa" na "anatakiwa" yana nguvu pungufu katika masikio ya wengi, na huweza kuchukuliwa kuwa ni ushauri. "Atapaswa" na "atatakiwa" yanaongeza tatizo, kwa kuwa yanausogeza mbele wajibu wenyewe, kana kwamba leo haupo.

"Sharti" linahitaji kuangaliwa kwa makini. Katika matumizi ya kila siku lina maana ya lazima. Lakini pia lina maana ya jambo ambalo jingine linalitegemea. Tofauti hiyo imefafanuliwa kwa muda mrefu katika elimu ya fikihi iliyosomeshwa katika upwa wa Afrika Mashariki. Udhu ni sharti ya sala: anayesali bila udhu, ilhali anaweza kuupata, sala yake haikusihi. Katika hija, kwa mafundisho ya madhehebu ya Shafii, kusimama Arafa ni nguzo. Aliyekosa kusimama huko hana hija. Kutupa vijiwe huko Mina ni wajibu. Aliyeacha hulipa kwa kuchinja, na hija yake inasihi. Hapa kuna tofauti ileile inayowashughulisha mawakili wanapobishana iwapo "shall" fulani, ikikiukwa, hubatilisha shauri au huleta adhabu tu. Msamiati wa kuieleza upo: kusihi, kubatilika, sharti, wajibu, nguzo. Haukubuniwa kwa ajili ya sheria za Bunge, lakini unaeleweka kwa wasemaji wengi kuliko istilahi nyingi zilizoundwa maofisini.

Kwa mtazamo huu, sentensi sita za sehemu ya 3.0 zinaweza kutafsiriwa hivi:

(10) Msajili ana wajibu wa kutunza daftari.
(11) Kutakuwa na Bodi. Au: Inaundwa Bodi.
(12) Ombi halitasihi ila liwe la maandishi. Au: Ombi liwe la maandishi.
(13) Mtu yeyote asiuze mkonge usiokomaa.
(14) Mwenye mali ana haki ya kulipwa fidia.
(15) Mtu akikosa kufika, mahakama inaweza kuendelea.

Itaonekana kwamba "-ta-" iliyokuja mahali pa "shall" imebaki katika (11) peke yake, ambamo sheria inatamka na kwa kutamka inaumba. "-Ta-" ya (12) inataja matokeo ya kukosa sifa inayotakiwa. Katika (12) mfasiri anapewa njia mbili kwa makusudi. Umbo la kwanza linataja kubatilika. La pili halitaji. Iwapo matini chasili imenyamaza kuhusu matokeo, umbo la pili ndilo aminifu. Katika (14) njeo ya wakati uliopo inaondoa swali la "lini" ambalo "atakuwa na haki" lingelizusha bila sababu. Katika (15) "-ki-" inatosha; "akiwa atakosa" lingekuwa ni kuiga muundo wa Kiingereza.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba "shall" ni kitenzi kilichoanza kama deni, kikawa wajibu, kikawa wakati ujao, na katika sheria kikabebeshwa kazi ambazo hazina uhusiano na lolote kati ya hayo. Kiambishi "-ta-" kilianza kama utashi, nacho kikawa wakati ujao. Viwili hivyo vinakutana katika wakati ujao tu, nao ndio dhima iliyo adimu kuliko zote katika kifungu cha sheria.

Mapendekezo mawili yanatokana na uchambuzi huu. Kwanza, mfasiri ajiulize maswali matatu kila anapokutana na "shall": je, kiima ni mtu au chombo kinachoweza kuwiwa tendo? Je, jambo linalosemwa linaanza sasa au baada ya jambo jingine? Je, matini inataja matokeo ya kulikiuka? Jibu la swali la kwanza hutenganisha (1) na (2) na (3); la pili huamua kati ya "-ta-" na dhamira tegemezi; la tatu humzuia mfasiri kuongeza ubatili usiokuwapo. Pili, sheria ya tafsiri inayosomwa kwa Kiswahili ifasili maumbo ya Kiswahili yenyewe, ili hakimu wa Mahakama ya Mwanzo asilazimike kurejea Kiingereza kujua "atatunza" ina uzito gani.

Kazi ya pili ni ya Bunge na wanasheria. Ya kwanza ni ya idara za lugha, na inaweza kuanza katika semina ya tafsiri kwa kuchukua sheria moja, kuhesabu "shall" zake zote, na kuziainisha moja baada ya moja kabla ya neno hata moja kutafsiriwa.